Beki asiye na bandama: Goti moja Mbeya, homa moja Iringa

UKIMWONA akipanda na kushuka pembeni ya uwanja Jumapili asubuhi pale Iringa, huwezi kujua. Anakimbia, anapiga krosi, anagombana na mshika kibendera kama mabeki wote wa kushoto. Ni mpaka avue jezi ndipo unaona mshono: mstari mrefu unaoanzia chini ya kifua na kushuka hadi kupita kitovu. Watoto wanaookota mipira wanaamini alichomwa kisu na majambazi. Anawaacha waamini hivyo, maana stori ya kisu ni fupi kuliko ya bandama.

Jamaa hana bandama. Ameomba nisimtaje jina, kwa hiyo nitamwita Beki tu. Nilicheza naye timu moja mtaani Mbeya kabla sijaenda kusomea diploma ya uandishi wa habari, na siku anaumia nilikuwa hatua kama 10 kutoka alipoangukia. Sina budi kusema mapema kwamba mimi ni mmoja wa waliomwambia ajikaze.

GOTI LA UBAVUNI

Ilikuwa ndondo ya kawaida, uwanja wa vumbi, upepo wa Mbeya unapuliza mpaka mpira wa juu unarudi ulikotoka. Kona ikapigwa, Beki akaruka kuondoa hatari, straika wao akaja na goti limetangulia. Likatua kwenye mbavu za chini, upande wa kushoto. Akakaa chini, akashindwa kupumua kidogo, tukammwagia maji, tukamnyoosha miguu, tukamsimamisha. Hakukuwa na damu wala mfupa uliochomoza, na kwa wachezaji wa mtaani jeraha ni lile linaloonekana. Akarudi akacheza dakika kama 20 hivi.

Kitu alicholalamikia ndicho kilichotuchekesha. Kapigwa ubavuni, yeye anasema bega la kushoto ndilo linauma. Tukamtania achague moja, bega au mbavu.

Kumbe lile bega lilikuwa linasema kweli. Bandama ikipasuka, damu inamwagika tumboni na kuusumbua ule msuli wa kupumulia uliotenganisha kifua na tumbo. Mshipa wa fahamu wa msuli huo unatokea shingoni, jirani na mishipa inayoleta habari za bega, basi ubongo unachanganya anwani. Mtu aliyegongwa ubavu wa kushoto halafu akasikia maumivu kwenye bega la kushoto ambalo halijaguswa ni mtu wa kupakiwa kwenye gari, siyo wa kuchuliwa.

Mechi ilipoisha midomo ilikuwa imepauka, jasho la baridi linamtoka, akisimama anaona giza. Ndipo tukashtuka. Tulimbeba kwenye bajaji, wawili tumemshikilia, na usiku huohuo akafunguliwa tumbo. Bandama ilikuwa imechanika vibaya, haishoneki, ikatolewa yote.

KIUNGO MKABAJI WA MWILI

Bandama, ambayo kwenye vitabu utaikuta pia ikiitwa wengu, ni kiungo cha ukubwa wa ngumi, uzito wa gramu 150 hivi kwa mtu mzima mwenye afya. Inakaa juu kushoto, imejificha nyuma ya mbavu. Inachuja damu, inazitoa chembe nyekundu zilizochoka, na inakamata vijidudu vya aina fulani vyenye koti gumu ambavyo walinzi wengine wa mwili huhangaika navyo. Ukitaka kimpira, ni kiungo mkabaji. Hafungi, hatajwi kwenye matangazo, siku akikosekana ndiyo unajua mabeki walikuwa wanabebwa na nani.

Kwetu sisi ina tatizo lake jingine. Mtu aliyeugua malaria mara kwa mara bandama yake huvimba, na ikivimba inatokeza nje ya kinga ya mbavu na kuwa laini, kiasi kwamba kipigo kidogo kinaweza kuipasua.

Zamani ikipasuka jibu lilikuwa moja tu, itolewe, na waliamini mtu haipungukiwi na kitu. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, King na Shumacker, waliandika kuhusu watoto wachanga waliotolewa bandama na baadaye wakashambuliwa na maambukizi makali ya damu. Kuanzia hapo mawazo yakaanza kubadilika. Siku hizi kama damu imevuja kidogo na presha ya mgonjwa imetulia, anaweza kulazwa, akapimwa tena na tena kwa ultrasaundi, na bandama ikapona yenyewe. Mchezaji wa namna hiyo anakaa nje wiki kadhaa, mara nyingi hadi miezi mitatu, hata kama anajisikia fiti. Kwa Beki nafasi hiyo haikuwepo. Zile dakika 20 za kujikaza hazikumsaidia pia.

WALIOTOLEWA WAKARUDI

Swali la kwanza aliloniuliza wodini halikuhusu mshono. Aliuliza kama atacheza tena. Sikuwa na jibu, nikalitafuta baadaye, na lipo.

Peter Forsberg wa Sweden alikuwa staa wa hoki ya barafuni, timu yake Colorado Avalanche. Mei 9, 2001 waliitoa Los Angeles Kings kwenye mchezo wa saba, akaenda kula chakula cha usiku, tumbo likamkaba, na usiku huo akatolewa bandama. Wenzake walibeba ubingwa bila yeye. Msimu wa kawaida uliofuata hakucheza kabisa, akarejea kwenye hatua ya mtoano ya 2002 na kuongoza kwa pointi, 27. Msimu wa 2002-03 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Hana bandama, na bora kuliko wote wenye nazo!

Chris Simms anafanana zaidi na mambo yetu. Septemba 24, 2006, akiwa mrusha mpira wa Tampa Bay Buccaneers kwenye mpira wa Kimarekani, alipigwa mbavuni mara kadhaa, akatoka kidogo, akarudi kuendelea na mechi. Baada ya hapo akakimbizwa hospitali na kutolewa bandama. Kumbe hata kule kwenye madaktari wa kila aina pembeni ya uwanja, watu wanajikaza.

Sheria 17 za soka hazisemi chochote kuhusu bandama. Kidonda kikipona na daktari akaruhusu, mtu anacheza. Mbio hazipungui.

SOKOINE IKO JUU

Wa tatu ni Ryan Clark, na yeye ndiye aliyenifanya niiangalie Mbeya kwa jicho jingine. Clark hakupigwa na mtu. Oktoba 2007 alikwenda na Pittsburgh Steelers kucheza Denver, mji ulio mita 1,609 juu ya usawa wa bahari. Yeye ni mbebaji wa kinasaba kimoja cha selimundu, ile tunayoiita sikoseli. Mbebaji siyo mgonjwa, anaweza kuishi hadi uzeeni asijue. Ila kwenye hewa yenye oksijeni kidogo, huku anatumia nguvu nyingi, chembe zake nyekundu zinaweza kujikunja kama mundu na kuziba mishipa ndani ya bandama. Ya Clark ikafa. Ikatolewa, baadaye nyongo nayo ikatolewa, akapungua kilo zipatazo 14. Akarudi, na Februari 1, 2009 alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa Super Bowl.

Januari 2012 ratiba ikawarudisha Denver kwenye mtoano. Kocha Mike Tomlin akamweka nje ingawa alikuwa mzima na alikuwa tegemeo. Walifungwa 29-23 kwenye muda wa nyongeza. Huyo kocha ningependa kumpa mkono.

Sasa piga hesabu. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Uwanja wa Sokoine uko juu kuliko Denver. Iringa, kwenye Uwanja wa Samora, ni zaidi ya mita 1,500. Timu ya Dar es Salaam inaondoka usawa wa bahari, inapanda Kitonga, na kesho yake inacheza. Tanzania inakadiriwa kuwa na wabebaji wa selimundu 13 hadi 20 katika kila watu 100, na kila mwaka wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye ugonjwa wenyewe. Kikosi cha wachezaji 25 kikifuata wastani huo, wabebaji ni watatu hadi watano.

Sitaki mtu aanze kuogopa basi la kwenda Mbeya. Yaliyompata Clark ni nadra, na wabebaji wengi wanacheza miaka yote bila shida. Lakini tunapima malaria, tunapima goti, tunabishana wiki nzima kuhusu umri wa mchezaji, halafu kipimo cha damu cha kujua nani ni mbebaji hakimo hata kwenye mazungumzo. Mchezaji akitoka Sokoine analalamika ubavu wa kushoto unamchoma, tunasema ni baridi.

HOMA YA IRINGA

Beki alihamia Iringa mwaka uliofuata, akapata kazi kwenye karakana ya mbao na timu ya kuchezea. Alikuwa amepona kabisa, au alidhani hivyo. Hospitali aliyofanyiwa upasuaji, ambayo siitaji, ilimpa karatasi ya kusafisha kidonda na tarehe ya kutoa nyuzi. Kuhusu chanjo hakuambiwa, au aliambiwa akiwa bado amelewa dawa. Hakumbuki, na kwenye karatasi haimo.

Jioni moja akaanza kutetemeka. Iringa baridi siyo habari, akajifunika. Homa ikapanda, akaenda duka la dawa, akanunua dozi ya malaria na Panadol, akalala. Alfajiri alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka. Mama mwenye nyumba ndiye aliyegonga mlango, na ndiye aliyetafuta bodaboda.

Hospitali, daktari kijana alimfunua tumbo, akaona mshono, akauliza kimetolewa nini. Swali hilo ndilo lililomwokoa. Aliposikia bandama, hakusubiri majibu ya maabara. Aliagiza antibayotiki ya mshipa hapohapo. Kwa mtu asiye na bandama, bakteria wa nimonia au wa homa ya uti wa mgongo wanaweza kuingia kwenye damu na kumuua ndani ya siku moja au mbili, na mwanzo wake unafanana na mafua tu. Hatari ni kubwa zaidi miaka ya kwanza baada ya upasuaji, ila haiishi kabisa.

Akatoka hai, na safari hii akafundishwa vizuri. Chanjo tatu: ya nimonia, ya uti wa mgongo, na ya Hib. Kama bandama inatolewa kwa mpango, zinachomwa wiki mbili kabla. Kama ni dharura, wiki mbili baada. Watoto wa Tanzania wanapata chanjo ya nimonia kwenye ratiba ya kawaida tangu 2013, maana yake wachezaji wa umri wetu hawakuipata utotoni, lazima waulizie. Halafu kuna penisilini ya kumeza kwa kipindi atakachopanga daktari, na dozi nyingine ya kukaa nayo nyumbani. Homa ikianza anameza ile dozi na kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata saa nane usiku. Akiumwa na mbwa, hospitali. Timu ikishuka Kyela au Pawaga kwenye mbu, anabeba chandarua na dawa ya kuzuia malaria, kwa sababu malaria nayo humpiga vibaya zaidi asiye na bandama. Wenzake wanamwita mtalii.

Mwezi uliopita nilipita Iringa nikaenda kumtazama. Tukasalimiana kwa kamwene, nikamwambia amenenepa, akakana. Kabla ya kuvaa viatu alimfuata kocha wake, akamkabidhi kadi ndogo iliyoandikwa kwamba hana bandama, pamoja na tarehe za chanjo. Kisha akauliza swali ambalo naambiwa analiuliza kila Jumapili, na hawezi kuingia uwanjani kabla hajajibiwa: gari ipi leo inaweza kwenda hospitali, na ufunguo anao nani.