Mia mbili ile ile, mbona uniti zako ni chache kuliko za beshte?

Wewe unaishi Umoja, beshte yako Donholm. Nyote mna taa, simu, redio na birika. Jumapili kila mmoja ananunua tokeni za Sh200. Kufikia Jumatano wewe uko gizani, naye bado anapiga pasi. Umeibiwa? Pengine la. Huenda tatizo ni mita ya ploti.

Kenya Power huwagawa wateja wa nyumbani katika makundi matatu, kulingana na wastani wa matumizi ya miezi mitatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na wanaopita 100. Katika bei zilizoidhinishwa na EPRA mwaka 2023, kundi la kwanza lililipa Sh12.22 kwa uniti, la pili Sh16.30 na la tatu Sh20.97. Hapo bado hujaongeza ada ya mafuta ya mitambo ya dizeli, marekebisho ya thamani ya dola, asilimia 5 ya kupeleka stima mashambani na VAT ya asilimia 16.

Sasa chukua ploti ya keja kumi zinazotumia mita moja ya landilodi, kila keja na submita yake. Kila mpangaji akitumia uniti 20, yeye ni mtumiaji mdogo. Lakini mita kubwa inasoma 200, na ploti nzima inaingia kundi la juu. Kwa bei hizo za 2023, uniti zako 20 zingekugharimu Sh419 badala ya Sh244, kabla ya ada na ushuru. Hiyo ni Sh175 kila mwezi, na hujaongeza hata balbu moja.

Ufanyeje? Kwanza, uliza kama mita yako ni ya Kenya Power au ni submita. Kama ni submita, wapangaji mwende pamoja kwa landilodi, mwombe kila keja iombewe mita yake. Akikataa, angalau awaonyeshe anavyolipia uniti moja, mlinganishe na anayowatoza.

Pili, jua kinachokula stima. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Taa ya wati 10 itawaka saa 100 kabla ya kuimaliza. Birika ya wati 2,000 huimaliza kwa nusu saa. Shawa ya moto ya wati 5,000? Dakika 12 tu.

Na ukiwa na mita yako mwenyewe, chunga usipite uniti 30. Wastani ukipita hapo, uniti zako zote hupanda bei, si zile za ziada pekee.

Kwa hivyo kabla ya kukosana na rumeti juu ya pasi, shukeni pamoja mkaangalie ile mita iliyo chini ya ngazi.