Bastola Iliyolia "Ta" Badala ya "Paa"

Kama hujafika Makongolosi, jua kwanza kwamba filimbi pale haina kazi. Ni mji wa dhahabu, wilaya ya Chunya, na makarasha yanasaga mawe kutwa nzima. Ukipuliza filimbi uwanjani, mtoto wa mstari wa sita hasikii kitu. Ndiyo maana shule niliyopangiwa BTP ilikuwa na bastola ya kuanzishia mbio, kuukuu, ya silinda yenye matundu sita, na mimi mwalimu wa field nikakabidhiwa niwe mwanzishaji siku ya kuchagua timu ya UMITASHUMTA ya kata.

Mbio za mita 100 wasichana. "Tayari..." Nikavuta kifyatulio. Kilikuwa kigumu, mkono ukatetemeka, halafu ikalia "ta". Haikulia "paa". Binti mmoja wa darasa la sita akachomoka. Wenzake wakabaki. Nikavuta tena, safari hii ikalipuka, na walimu wa saa kule mwisho wakaanza kuhesabu. Wao hawasikilizi mlio, wanaangalia moshi, maana sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlio unawafikia umechelewa karibu theluthi ya sekunde. Kwao moshi ulikuwa mmoja tu, na binti alikuwa ameshakimbia kabla ya moshi. Wakamtoa. Mimi nikanyamaza. Ndilo jambo lililonifanya nisilale.

Jioni nikamwomba mwalimu wa michezo tuikague. Hatua ya kwanza ni ile ambayo watu wanaidharau: kutoa risasi zote, kuhesabu matundu sita kwa macho, kisha kuyapitisha kidole. Msiseme ni risasi baridi tu. Oktoba 1984 mwigizaji wa Marekani, Jon-Erik Hexum, alijiwekea kichwani bastola yenye risasi za aina hiyo kwa utani, akavuta, na akafa. Haina kichwa cha risasi, lakini gesi inayotoka ina nguvu ya kuvunja fupa. Na kama ni bastola ya risasi za moto, usifungue hata skrubu moja. Iko sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye kibali.

Sasa, kifyatulio cha bastola ya aina hii kinafanya kazi tatu kwa mvuto mmoja. Kinasukuma kidole kidogo cha chuma kinachozungusha silinda hadi tundu linalofuata. Wakati huohuo kinainua nyundo nyuma, kinaikandamiza springi. Mwisho wa mvuto kinaiachia nyundo, inapiga kitako cha risasi. Ukilegeza kidole, springi nyingine, ndogo, inakirudisha mbele. Kwa hiyo mtu akisema "triga imekaza" bado hajasema kitu. Imekaza wapi? Mwanzo wa mvuto, katikati, au kwenye kurudi? Matundu yote, au moja?

Tukaweka alama ya chaki kwenye tundu moja, nikavuta taratibu mara sita bila risasi. Uzito ulikuwa uleule kwenye matundu yote, lakini kila mara kifyatulio kilirudi kwa uvivu, kama mlango wenye bawaba iliyoota kutu. Hapo nikajua kuna tatizo ndani. Ila halikueleza ile "ta".

Tukachukua ganda moja lililokwishatumika, tukalijaribu tundu kwa tundu. Matano yalilimeza mpaka mwisho. La sita, ganda likabaki limechomoza kama unene wa kucha. Kumbe! Ndani yake masizi yalikuwa yameganda. Risasi ikikaa humo inachomoza, inakwaruza bamba la nyuma silinda inapozunguka, na ndiyo ugumu nilioupata mkononi. Nyundo ikipiga, nguvu yote inaishia kuisukuma risasi iingie ndani badala ya kuilipua. Hapo unasikia "ta". Lakini pigo la kwanza limeshaikalisha vizuri, kwa hiyo ikipigwa tena silinda ikirudi kwenye tundu hilo, inalipuka. Nikahesabu maganda ya siku ile. Risasi moja ilikuwa na kovu la nyundo na haijalipuka.

Fundi mmoja wa karasha aliyetusaidia kufungua bamba la ubavuni aliangalia akacheka. "Ticha, hapa mmepaka grisi." Ni kweli, mtu alipaka grisi nyingi kwa nia njema, na vumbi jekundu la Chunya likaingia likawa tope. Fundi akataka kukata springi kidogo ili kifyatulio kiwe chepesi. Nikamwambia hapana, fundi, tusafishe kwanza. Springi ya nyundo ukiifupisha, pigo linadhoofika, na utapata "ta" sita badala ya moja. Ile ya kurudishia ukiipunguza, kifyatulio hakirudi kabisa.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mswaki wa zamani, mafuta ya taa, kitambaa kikavu. Lile tundu la sita tulilisugua kwa brashi hadi ganda likaingia lenyewe kwa uzito wake. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli ya kifyatulio, moja kwenye ya nyundo, basi. Kifyatulio kikarudi mbele "tap", safi.

Asubuhi nilikwenda ofisini na ile risasi yenye kovu, nikaiweka mezani mbele ya mwalimu wa michezo na walimu wa saa. Mmoja akasema, "Sasa si ungesema jana?" Sikuwa na jibu. Wakakubali mbio zirudiwe Jumatatu.

Jumatatu bastola ililia "paa" mara ya kwanza. Wote wakachomoka isipokuwa yule binti, aliyenitazama mkono kwanza, kama anayehakikisha, ndipo akatoka. Akaja wa tatu. Kata inachukua wawili.