Chemba Kubwa, Kizibo Kilekile

Swali linalowachosha mafundi wa bunduki nchini Marekani ni lile la mwenye bunduki ya risasi moja, yaani isiyo na magazini na inayopakiwa upya kila baada ya mlio, ambaye hutaka kujua kama chemba yake inaweza kukerezwa ili ipokee risasi yenye nguvu zaidi, maadamu kipenyo cha tundu la mtutu ni kilekile. Mara nyingi jibu ni kwamba inaweza, na ndiyo maana swali lenyewe halifai. Chemba, ambayo ni sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa, huweza kupanuliwa na fundi yeyote mwenye kekee sahihi na mkono uliotulia. Kinachopaswa kuulizwa ni kama kizibo, yaani pande la chuma linaloifunga chemba kwa nyuma, pamoja na bawaba na kabari zinazokishikilia, vitahimili mzigo mpya ilhali kekee haikuviongezea chochote.

Mzigo huo ni msukumo wa nyuma, ambao haupaswi kuchanganywa na teke analolipata mpigaji begani, nao hupatikana kwa kuzidisha kanieneo ya gesi ya baruti kwa eneo la kitako cha ganda la risasi. Risasi ya .45-70, iliyotungwa kwa ajili ya bunduki ya jeshi la Marekani aina ya Springfield ya mwaka 1873, imewekewa kikomo cha pauni 28,000 kwa kila inchi ya mraba, na iwapo hesabu itafanywa kwa kipenyo cha nje cha ganda, njia ambayo huegemea upande wa usalama, msukumo wake hufikia takriban tani 2.5. Kwa .30-06, yenye kikomo cha pauni 60,000, hesabu hiyohiyo hutoa takriban tani 4.7, na kwa .300 Winchester Magnum, yenye pauni 64,000, hutoa takriban tani 6. Risasi hizi mbili za mwisho hutumia mtutu wenye tundu la kipenyo kimoja na kanieneo zao hazipishani sana, lakini kwa kuwa kitako cha ganda la .300 ni kipana zaidi, kizibo kilichoundiwa .30-06 huongezewa zaidi ya robo ya mzigo wake pasipo mwenye bunduki kuona badiliko lolote kwa nje.

Mwulizaji akishaonyeshwa hesabu hii, hujitetea kwa imani iliyokataa kufa, kwamba kizibo hakibebi mzigo wa maana kwa sababu ganda, ambalo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, hupanuka wakati wa mlipuko, likazishika kuta za chemba na kujizuia lenyewe. Anayetajwa kuwa shahidi ni P. O. Ackley, fundi mashuhuri wa Marekani, aliyeondoa kabari ya kufungia kizibo katika bunduki ya Winchester 94 na kufyatua risasi ya .30-30 ambayo ganda lake lilikuwa limenyooshwa kuta, na ganda lile likabaki ndani ya chemba. Jaribio hilo lilifanyika kweli, ila wanaolinukuu huacha nusu yake. Fataki, yaani kikombe kidogo cha kuwashia baruti kilicho kwenye kitako, ilisukumwa ikachomoza nyuma. Jamii hiyo ya risasi ina kanieneo ya wastani. Na lengo la Ackley lilikuwa kuonyesha kuwa ganda lenye kuta zilizonyooka hupunguza msukumo kuliko lenye kuta zilizoinama, wala si kuthibitisha kuwa kufunga bunduki ni anasa. Kuligeuza jaribio hilo kuwa kibali ni sawa na kudai kuwa mlango hauhitaji komeo kwa sababu usiku mmoja mwizi hakupita.

Zaidi ya hayo, ganda haliwezi kushikilia zaidi ya uwezo wa madini yake. Ukuta wa ganda la ukubwa wa .30-06 ukichukuliwa kuwa na unene wa milimita 1 karibu na kitako, mzigo unaoweza kuubeba kabla ya kuanza kuvutika haufiki tani 2, na kiasi chote kinachozidi hapo huangukia kizibo, apende asipende mwenye imani yake. Hata kiasi hicho kidogo hutegemea chemba kavu na safi, kwa kuwa tone la mafuta au maji ya mvua huondoa msuguano ambao hoja nzima imesimama juu yake. Kizibo kikilegea, ganda hurefuka mbele kidogo ya kitako, hupasuka kwa mzunguko, na gesi hutafuta njia kuelekea uso wa mpigaji.

Haisaidii kitu kuifunga bunduki kwenye tairi na kuvuta kifyatuo kwa kamba, desturi ambayo baadhi ya watu huiita upimaji. Nyumba za kupimia silaha za London na Birmingham hutumia risasi maalumu zenye kanieneo inayozidi kikomo kwa asilimia 25, kisha bunduki hukaguliwa kama imetanuka au kulegea, jambo ambalo jicho la mwenye tairi haliwezi kulifanya, kwa sababu chuma huanza kuchoka kabla hakijaonyesha ufa.

Kwa anayetaka nguvu zaidi, njia zipo. Springfield ya 1873 iachwe na baruti nyeusi au risasi za kiwango chake, bila mjadala. Mwenye Ruger No. 1, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1960 na yenye kizibo imara kinachoshuka wima, anaweza kupeleka kazi kwa fundi anayelijua umbo hilo, lakini kwanza asome vitabu vya kupakia risasi, ambavyo kwa .45-70 huipangia bunduki hiyo jedwali lake la juu, kwa hiyo huenda nguvu anayoitafuta anayo tayari. Mwenye Harrington & Richardson ya kukunjua aangalie kama fremu yake ni SB1, ya bunduki za marisau na risasi za kanieneo ndogo, au SB2, ya risasi kali, na ikiwa ni SB1 aiuze na kununua nyingine. Mwenye Thompson/Center Contender ajue kuwa kiwanda hichohicho kiliunda Encore, yenye fremu kubwa zaidi, kwa ajili ya risasi za aina ya .30-06. Kwa yeyote ambaye chemba yake itakerezwa, ahakikishe kwanza kuwa chemba mpya inaimeza ya zamani yote, kisha jina la zamani la risasi lifutwe kwenye mtutu na jipya ligongwe mahali pake, kabla bunduki haijatoka mezani kwa fundi.