Shukrani ya Mwalimu Mgeni

Ndugu msomaji, wahenga walisema: "Shukrani ya punda ni mateke." Unamkatia majani, unamchotea maji, naye anakupiga teke. Je, shukrani ya mtu iwe nini? Tutazame habari za walimu wanaotoka mbali.

Mwaka 1961 vijana wa Marekani walianza kuja Tanganyika kufanya kazi ya kujitolea. Shirika lililowaleta linaitwa Peace Corps. Kundi la kwanza lilikuwa la wapima barabara, wahandisi na wataalamu wa miamba. Baadaye walikuja walimu. Mwaka 1969 shirika liliondoka nchini. Mwaka 1979 likarudi. Tangu hapo walimu wengi wa kujitolea wamefundisha hisabati na sayansi katika shule zetu za sekondari. Kwa kawaida kila mmoja hukaa miaka miwili.

Kilosa na Mikumi ziko katika Mkoa wa Morogoro. Kilosa iko kwenye Reli ya Kati. Mikumi iko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, jirani na hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Mgeni anayepangiwa shule huko hana ndugu. Hajui kuwasha jiko la mkaa. Hajui bei ya mchicha sokoni. Jirani ndiye anayemfundisha kusonga ugali. Watoto ndio wanaomsahihisha Kiswahili chake. Kumbe mwalimu naye ni mwanafunzi.

Kisha unafika mwezi wa Novemba. Kwao Marekani, Alhamisi ya nne ya mwezi huo ni Sikukuu ya Kushukuru. Watu husafiri kwenda kula pamoja na wazazi wao. Chakula kikuu ni bata mzinga. Lakini kwetu siku hiyo ni ya kazi. Tena Novemba ni mwezi wa mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Mwalimu mgeni hushika chaki kama siku nyingine. Akitaka kusherehekea, itambidi apike kuku badala ya bata mzinga, na kuwaita majirani badala ya ndugu zake.

Sikukuu hiyo ina historia yake. Mwaka 1620 Waingereza wapatao 100 walihamia Marekani kwa meli. Walifika wakati wa baridi kali. Karibu nusu yao walikufa kabla baridi haijaisha. Wenyeji wa pale, watu wa kabila la Wampanoag, waliwasaidia. Waliwafundisha kupanda mahindi na kuweka samaki shambani kama mbolea. Mwaka 1621 mavuno yalikuwa mazuri. Wageni na wenyeji wakala pamoja kwa siku tatu. Wenyeji walileta nyama ya paa.

Lakini shukrani ile haikudumu. Wageni walizidi kuongezeka na kuchukua ardhi. Mwaka 1675 vita vilizuka. Wampanoag wengi waliuawa, wengine wakauzwa utumwani. Ndiyo maana tangu mwaka 1970 baadhi ya wenyeji wa Marekani huikumbuka siku hiyo kwa maombolezo.

Tunajifunza nini? Kula pamoja ni kuzuri, lakini hakutoshi. Shukrani hupimwa kwa vitendo vinavyofuata. Mwalimu mgeni hushukuru kwa kuandaa masomo vizuri, kufika darasani kila siku na kuheshimu mila za waliompokea. Sisi nasi tumshukuru kwa kuhakikisha watoto wanahudhuria shule na vitabu vinatunzwa. Miaka miwili itakwisha, naye atarudi kwao. Elimu aliyoleta isiondoke naye.

Tena, ndugu msomaji, si lazima mgeni atoke Marekani. Mwalimu aliyezaliwa Kagera au Mtwara, akapangiwa kazi Kilosa, naye yuko ugenini. Siku ya Idi au Krismasi, nauli ikimshinda, hubaki peke yake. Huyu hakuja kwa miaka miwili tu. Anaweza kukaa kijijini miaka mingi na kufundisha watoto wetu wote, mkubwa hadi mdogo. Lakini akikosa nyumba ya kuishi na jirani wa kumjulia hali, ataomba uhamisho. Darasa litabaki bila mwalimu.

Wahenga walisema pia: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwalimu tayari ameshika jembe lake, nalo ni chaki. Kazi yetu ni kumfanya ajisikie yuko nyumbani. Kamati ya shule na iulize: walimu wetu wanalala wapi? Paa linavuja? Maji wanachota wapi? Na sikukuu ijayo, kila mwenye sufuria jikoni amkumbuke mwalimu aliye mbali na kwao. Amwite, waketi na kula pamoja.