Kabla ya kumkata fundi ujira, kagua mashine

Juma hili nilikuwa Wazo. Sikwenda kwenye kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, bali kwenye karakana ndogo za kando ya barabara, zinazokata marumaru na graniti za meza za jikoni. Nilimkuta kijana mmoja amesimama kimya mbele ya bamba la graniti lililopasuka kwenye kona. Tajiri wake alikwisha tamka: hasara itatoka kwenye ujira wake, kwa kuwa ana "mkono mzito".

Mimi nasema tusikimbilie kuhukumu. Mara nyingi mkosaji ni mtetemo.

Chuma cha kawaida kikilemewa hupinda kabla ya kukatika. Graniti, marumaru na kioo havina subira hiyo. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwamba kioo huvunjika upesi kwa sababu tayari kina nyufa ndogo mno. Nguvu hukusanyika kwenye ncha ya ufa, nao ukianza kukimbia ni vigumu kuusimamisha. Sasa chukua grainda ya mkononi yenye diski ya milimita 115, inayozunguka mara 11,000 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya mara 180 kwa sekunde! Diski ikikaa upande, hulitikisa jiwe kwa kasi hiyo hiyo.

Kuna jambo la pili. Bila shaka umewahi kupanda daladala ambalo likisimama kituoni vioo vyote hupiga kelele, lakini dereva akikanyaga mafuta vinanyamaza. Kila kitu kina mdundo wake wa kutikisika. Mtikiso wa injini ukilingana na mdundo wa kioo, kioo hucheza ngoma. Ndivyo ilivyo kwa diski, meza na jiwe. Mashine ikianza kulia vibaya, kubadili mwendo kidogo au kupunguza kina cha mkato kunaweza kuituliza.

Dawa nyingine hazihitaji fedha nyingi. Zima umeme, chomoa waya, kisha itikise shafti kwa mkono. Ikicheza, beringi zimekwisha. Safisha sahani mbili zinazobana diski, maana chembe moja ya vumbi huipindisha. Lilaze jiwe lote juu ya meza nzito iliyonyooka, wala usilitegemeze ncha mbili kama daraja. Ukitaka tundu la sinki, toboa kwanza matundu ya mviringo kwenye kona, kwa kuwa kona kali ndiyo mlango wa ufa.

Na usisukume. Diski ya almasi haina meno ya kung'ata. Chembe za almasi ndizo zinazosaga jiwe kidogo kidogo. Chembe zikifunikwa, diski huteleza, fundi husukuma zaidi, na mtetemo huongezeka. Kata kidogo tofali laini lenye mchanga, almasi zitatokeza tena.

Maji hupoza diski na kutuliza vumbi, ila yatumike kwenye mashine iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Grainda ya kawaida ya umeme ukiimwagia maji, unaita mauti.

Msomaji, hapa hatuzungumzii jiwe peke yake. Mtetemo wa miaka mingi huua ganzi vidole na kuharibu mishipa ya damu, na vumbi la graniti huleta ugonjwa wa mapafu usioponyeka. Yule kijana alinionyesha viganja vyake. Alisema jioni hushindwa kufunga vifungo vya shati.

Niliiomba ruhusa ile mashine nikaishika shafti yake. Ilicheza. Tajiri aliona, akanyamaza. Beringi mpya ni gharama, lakini mpeni fundi mashine iliyotulia kwanza, ndipo mzungumzie uzito wa mkono wake.