Unaunda tovuti kwa Java? Weka soja mmoja getini

Tuseme chama cha mtaani kwenu kimekuomba ukiundie tovuti. Kila mwanachama ataingia kwa nywila yake aone akiba, mikopo na faini zake. Umeamua kutumia Java na fremuweki ya Spring. Sasa, utahakikishaje kwamba anayefungua ukurasa wa mikopo ni mtu aliyeingia?

Wengi huandika ukaguzi huo ndani ya kila ukurasa. Kurasa zikiwa tano, hakuna shida. Zikifika arobaini, utasahau mmoja tu, na huo ndio utakaoanika pesa za watu.

Dawa yake ni intasepta. Ifikirie kama soja wa ploti. Wapangaji hawaajiri kila mmoja soja wake wa mlangoni. Yuko mmoja getini, na kila mgeni hupitia kwake.

Kwenye Spring, unaandika klasi inayofuata HandlerInterceptor. Metodi unayoihitaji hapo ni preHandle, inayofanya kazi kabla ombi halijafika kwenye kontrola. Ikirudisha true, ombi linapita. Ikirudisha false, linaishia hapo, nawe unakuwa tayari umempeleka mgeni kwenye ukurasa wa kuingia. Kisha unaisajili klasi hiyo kupitia addInterceptors.

Lakini chunga mitego mitatu.

Kwanza, soja asilinde ukurasa wenyewe wa kuingia. La sivyo, mgeni atatumwa huko, azuiwe, atumwe tena, hadi brauza ichoke. Uache nje kwa excludePathPatterns, pamoja na faili za CSS na picha.

Pili, kuwa na sesheni si ushahidi kwamba mtu ameingia, kwani hata mgeni anaweza kufunguliwa sesheni. Angalia kama ndani yake mna nambari ya mwanachama uliyoiweka baada ya nywila kukubaliwa. Na uite getSession(false), isije ikaunda sesheni mpya.

Tatu, na hapa ndipo wengi huumia: soja anajua umeingia kwenye ploti, hajui unaingia nyumba ya nani. Mwanachama akibadilisha anwani kutoka /mikopo/12 hadi /mikopo/13, intasepta itampisha. Ni juu yako kuhakikisha mkopo huo ni wake. Makosa ya ruhusa kama haya ndiyo yaliyoongoza orodha ya OWASP ya hatari za tovuti mwaka wa 2021.

Waundaji wa Spring wenyewe wanaonya kwamba intasepta haifai kutegemewa kama ngao ya usalama, na wanapendekeza Spring Security. Kwa hivyo jifunzie kwa intasepta, lakini tovuti ikianza kubeba siri za watu, hamia huko. Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi data ya watu ailinde.

Kabla hujakabidhi kazi, fungua dirisha la faragha kwenye brauza, kisha andika anwani za kurasa zako moja baada ya nyingine bila kuingia. Ukiona hata shilingi moja ya mtu, bado hujamaliza.