Kumtuliza Mtoto Njiti

Mtoto njiti, yaani azaliwaye kabla ya kutimia majuma 37 ya mimba, hana budi kuchomwa kisigino mara kwa mara ili damu yake ipimwe. Zamani wataalamu wengi walidhani hasikii maumivu. Mwaka 1987 watafiti wa Oxford, Uingereza, walionyesha kuwa njiti waliopasuliwa bila dawa ya kutosha ya maumivu walipata matatizo zaidi. Ubongo wake hupokea maumivu, bali njia za fahamu ziyapunguzazo hazijakomaa. Tena kilio hupunguza oksijeni katika damu na kuteketeza nguvu za kukulia.

Je, mama atokaye Kikwe, aliyelazwa na mwanawe mjini Arusha, afanye nini? Ampakate kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumfunga kwa khanga kabla ya sindano. Kisha ampe matone ya maziwa yake. Mama asipokuwapo, muuguzi aikunje taratibu mikono na miguu ya mtoto, aishike kwa viganja.

Njia hii ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri mtoto apate nafuu, hupunguza vifo kwa robo. Hivyo kifua kitulizacho ndicho kiokoacho.